Gemu la Kivuko: Kurasa za Juni

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nimelinunua. Dola 49.99 kwenye Steam, kwa kadi ya mtandaoni niliyoifungua kwenye simu. Duka lile halina bei ya shilingi. Mtu wa huku anaoneshwa dola, hesabu afanye mwenyewe. Kwa kiwango cha wiki hii ni zaidi ya laki moja na thelathini. Mama Salma nimemwambia ni gemu, na kiasi hakuuliza. Alichouliza ni kama mtu anayevuka Magogoni kila asubuhi na kila jioni bado ana hamu ya vivuko.

Ninayo. Ndiyo habari yote ya gemu hili: wewe ni nahodha wa kivuko katika visiwa vya baridi huko kaskazini, unabeba barua, kondoo, wagonjwa, na watu wenye siri zao. Waliolitengeneza ni kikundi kidogo. Gemu lao la kwanza, la mkuu wa stesheni ya treni, nililimaliza nikalirudia, na mpaka leo naweza kukutajia abiria wake mmoja mmoja. Kwa hiyo safari hii sikusubiri kusikia wengine wanasemaje.

GB 58. Nimenunua bando la usiku na ruta nimeipeleka dirishani. Asubuhi litakuwa tayari, inshallah.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike uzuri kwanza, maana nikianza na hasira uzuri hautapata nafasi.

Bahari yao ni bahari. Sijawahi kuona kwenye kioo maji yanayobadilika rangi hivyo kadiri unavyokaribia mwamba, wala ukungu unaokuja kidogo kidogo mpaka taa ya bandari inabaki alama tu. Usukani una uzito. Ukizima injini mapema chombo kinaendelea kwenda chenyewe, na lazima ujue ni wapi pa kuzima, jambo ambalo manahodha wa Kigamboni wanalijua usingizini na abiria hatulioni. Na kuna bibi mmoja, mtunza mnara, anayepanda usiku akiwa na kapu lililofunikwa. Hasemi kitu mpaka katikati ya mkondo. Akishasema, unatamani safari iwe ndefu zaidi. Yeyote aliyeyaandika mazungumzo yale anajua watu.

Sasa mengine. Kabla sijagusa kitu, gemu lilikaa likijiandaa, utepe ukitambaa kwenye kioo, nikanywa chai nikamaliza. Bandari ya kwanza sawa. Bandari ya pili mlango wa mbele ulishuka tukiwa bado kwenye maji marefu, na gari la posta likatoka taratibu, kwa adabu, likaingia baharini. Dereva alibaki juu ya maji akiendesha usukani usiokuwepo. Nilicheka mpaka mpwa wangu Rashidi akaja kuangalia. Nikaanza upya. Safari hii gari likabaki, ila kondoo wakapita ndani ya sakafu, na mwenye kondoo akanishukuru kwa kumfikishia salama. Kisha sauti ikakatika. Kisha, nilipokuwa naingia bandari ya tatu, ambako bibi alisema angenionesha kilichomo kwenye kapu, gemu likajizima lote. Nilipolifungua tena, safari yangu iliyohifadhiwa haikuwepo. Kulikuwa na jina langu la nahodha, na chini yake sifuri.

Mara ya kwanza unacheka. Hapo kwenye sifuri sikucheka.

Jumapili, 15 Juni

Rashidi ndiye aliyenikumbusha saa. "Mjomba, umecheza muda gani? Usifungue tena kabla hujaangalia."

Saa moja na dakika arobaini na moja.

Utaratibu wa Steam unajulikana: ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, na hujacheza zaidi ya saa mbili, unarudishiwa hela bila kuulizwa sana. Umekuwepo tangu Juni 2015. Kabla ya hapo ulikuwa unaomba kama anayeomba msamaha wa kodi. Ukipitisha saa mbili bado unaweza kuomba, lakini hapo ni hisani, si haki. Na saa inahesabu muda wote gemu likiwa wazi. Ule utepe wa kujiandaa umo ndani. Kuanza upya kumo. Simu ya shemeji niliyoipokea nikiwa nimesimamisha chombo, nayo imo.

Kwa hiyo zimebaki dakika kumi na tisa, na mwisho wa siku ni Ijumaa ya tarehe 27. Rashidi anasoma kompyuta mwaka wa pili na kwake hili halina mjadala: ni bagi, zitarekebishwa, tulia. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo, na kwangu kitu kilicholipiwa ambacho hakijapokelewa kina safu yake kwenye daftari.

Sijafungua.

Jumanne, 17 Juni

Leo dukani mteja karudisha pampu. Kwenye stakabadhi zetu, kama za mtaa mzima, yameandikwa maneno yale yale: mali ikishauzwa hairudishwi. Bosi akaijaribu pampu kwenye ndoo, ikakohoa, akampa nyingine. Maneno yale yapo kwa ajili ya anayebadilisha mawazo, hayapo kwa ajili ya pampu mbovu, na wauzaji wote wazuri ninaowafahamu wanajua tofauti hiyo hata kama hawajaichapisha.

Nimerudi nimeangalia maduka ya magemu yanafanyaje. Yanatofautiana kuliko nilivyodhani. GOG wanakupa siku 30 hata kama umecheza. Epic ni kama Steam, siku 14 na saa mbili. PlayStation ni siku 14, ila ukishaanza kulipakua haki inaondoka, isipokuwa liwe bovu. Nintendo kimsingi ukishanunua umenunua. Uingereza wana sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inayotaja bidhaa za kidijitali waziwazi: zikiwa na kasoro, muuzaji azitengeneze au azibadilishe. Australia ilibidi tume ya walaji impeleke Valve, mwenye Steam, mahakamani, na Desemba 2016 akapigwa faini ya dola milioni tatu za Australia. Na tangu mwaka jana ukitaka kulipa Steam unakutana na sentensi fupi inayokwambia kwamba unachonunua ni leseni. Nilipita juu yake Ijumaa kama wanavyopita wote.

Mambo haya yote hayaniambii nifanye nini. Yananiambia tu kwamba saa mbili si kipimo kilichoshuka kutoka mbinguni. Na kipimo hicho kina tundu: kila mtengenezaji anajua saa mbili za mwanzo ndizo zinazopimwa, kwa hiyo ndizo anazozipiga msasa. Hawa wangu hata hizo wameshindwa, jambo ambalo kwa namna fulani linanifanya niwaamini zaidi.

Alhamisi, 19 Juni

Wametoa taarifa. Wanaomba radhi, wanasema wameona ripoti, masasisho yatakuja "katika wiki zijazo", la kwanza liko tayari. GB 14.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kila mtu analiita sasisho la bure.

Desemba 1982 Atari waliuza gemu la E.T., lililotengenezwa kwa muda wa wiki tano hivi na mtu mmoja, Howard Scott Warshaw. Lilikuwa bovu na likabaki bovu, kwa sababu lilikuwa ndani ya kaseti na kaseti haisahihishwi. Mwaka uliofuata mzigo ulifukiwa kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico, na Aprili 2014 wakaja watu wakauchimbua. Wakati ule aliyekosea alikosea moja kwa moja. Intaneti ilipoingia, kosa likawa la muda, na hiyo ni neema, sibishi. Lakini neema hiyo imewafundisha wauzaji kwamba siku ya kutoka si lazima iwe siku ya kumaliza. Unalipa leo, bidhaa inakamilika kwako, nyumbani kwako, kwa waya wako.

Waya wangu una bei. Anayeishi mahali penye faiba ya mwezi mzima haoni tofauti kati ya GB 14 na sifuri. Mimi mtaa wetu haujafikiwa na ninanunua bando. GB 58 za kwanza zilikula karibu robo ya bei ya gemu. Hizi 14 zinaongeza. Na hakuna anayejua yatakuja mangapi: Cyberpunk 2077, sasisho lake moja la Machi 2021 lilizidi GB 30. Duka likinirudishia dola 49.99 litakuwa limenirudishia kila senti niliyolipa kwake, na mimi nitabaki na pengo la bando ambalo halimo kwenye karatasi ya mtu yeyote isipokuwa yangu.

Kuna upande wa pili na lazima niuandike. Kwenye dola hizo 49.99, duka kwa kawaida linachukua asilimia 30. Kikundi kidogo kinachoishi kwa kinachobaki, kikirudishiwa magemu wiki ya kwanza, hakitapata muda wa kutengeneza chochote. Yule aliyemwandika bibi wa mnara naye yumo humo ndani. Huenda hata hajui mlango wa kivuko unashuka mapema. Kazi yake ilikuwa maneno, na aliifanya.

Nimeshusha sasisho. Sijafungua.

Jumamosi, 21 Juni

Rashidi kaja na hoja nzito, na tarehe imemsaidia. Leo inatimia miaka minne tangu Cyberpunk 2077 irudi kwenye duka la PlayStation. Iliahirishwa mara tatu ndani ya mwaka 2020, ikatoka tarehe 10 Desemba ikiwa haichezeki kwenye mashine za zamani, na baada ya wiki moja tu Sony wakaiondoa dukani na kumrudishia hela kila aliyetaka. Ikakaa nje nusu mwaka. "Na leo, mjomba? Nintendo wametoa Switch 2 tarehe 5 mwezi huu, na hiyo hiyo Cyberpunk ni kati ya magemu waliyotoka nayo siku ya kwanza. Ile iliyofukuzwa."

Ni kweli yote. Akaongeza No Man's Sky ya Agosti 2016, kikundi kidogo kama hawa wangu, kutoka Guildford, waliotukanwa dunia nzima kisha wakakaa kimya wakatengeneza mwaka hadi mwaka bila kumtoza mtu nyongeza.

Nikamwambia anataja walionusurika. Anthem ya BioWare ilitoka Februari 2019, ikaahidiwa kujengwa upya, na Februari 2021 wakatangaza wameacha. The Day Before ilitoka tarehe 7 Desemba 2023 na kampuni yake ikatangaza kufunga tarehe 11, siku nne baadaye. Hao nao walikuwa na watu waliosema tulia, zitarekebishwa.

"Hao matapeli."

"BioWare matapeli?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtoto wa miaka ishirini na moja. Kwamba waliobaki na Cyberpunk mwaka 2020 hawakupata kitu chochote ambacho aliyerudisha hakukipata. Toleo la 2.0 lilikuja Septemba 2023. Aliyerudisha akanunua tena siku hiyo alicheza gemu lile lile, tena huenda kwa bei pungufu, na katikati alikuwa na hela yake. Aliyebaki alipata kusubiri.

Nadhani alitaka kunitetea mimi dhidi ya hoja yake mwenyewe. Ndivyo walivyo watoto wa dada yangu, mabishano kwao ni michezo.

Niliongezea Batman: Arkham Knight. Juni 2015 toleo la kompyuta lilitoka likiwa bovu mpaka Warner wakasimamisha mauzo yake, wiki chache tu baada ya Steam kufungua mlango wa kurudisha hela. Siwezi kuapa kwamba mlango ule ndio uliowasimamisha. Lakini kabla ya mlango huo watu walilalamika kwa maneno tu, na maneno hayamo kwenye mizania. Kurudisha ni lalamiko linalosomeka na mhasibu, na mimi najua wahasibu wanasoma nini.

Jumatatu, 23 Juni

Mama Salma kaona bei. Kaiona kwenye ujumbe wa benki. Alisema neno moja tu, "Vivuko," kisha akaendelea kukuna nazi.

Jumanne, 24 Juni

Nimetumia dakika zangu. Nilijiwekea mpango: nisichezee, nijaribu. Rashidi kakaa na simu yake akihesabu.

Utepe wa kujiandaa ukatokea tena, kwa sababu sasisho limebadilisha vitu, ukala dakika sita. Nikaanza safari mpya. Mlango wa mbele unashuka wakati wake sasa. Gari la posta limetulia. Kondoo wako juu ya sakafu, wote. Nikaanza kuona aibu kidogo kwa yale niliyoandika tarehe 19. Ukungu ukaja vile vile, na bibi akapanda na kapu lake.

Alipofika katikati ya mkondo alifungua mdomo na hakukuwa na sauti. Maandishi yalipita chini ya kioo, sentensi ya tatu ikiwa ya kwanza. Nilihifadhi safari, nikatoka, nikaingia tena ili nione kama imebaki. Imebaki, lakini bibi hayupo. Kapu lipo, limesimama peke yake kwenye benchi, na ukilibonyeza linakuuliza kama unataka kupanda.

"Dakika kumi na nne," alisema Rashidi. "Funga, mjomba."

Nikafunga.

Wamerekebisha kilichochekwa. Gari la posta lilizunguka kwenye simu za watu, kila mtu ameliona, kwa hiyo limeshughulikiwa kwanza. Bibi wa mnara hachekeshi, hana video, na ndiye pekee niliyemlipia. Hawa watu wanaweza wakafika kwake mwezi ujao au mwakani. Siwadhanii ubaya. Lakini nilichonacho mkononi ni kile kilichopo leo kwenye diski yangu, na hicho hakina thamani ya laki moja na thelathini kwa bei yoyote ya dola.

Saa tatu usiku nimeomba nirudishiwe. Fomu ni fupi: unachagua gemu, unachagua sababu, unachagua hela iende kwenye pochi ya dukani au irudi kwenye kadi. Nimechagua kadi. Pochi ni ya dukani na hela ikiingia humo inabaki humo. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika aya nzima kuhusu bibi, kisha nikaipunguza: mazungumzo hayana sauti na safari haihifadhiki vizuri. Aya ya bibi nimeiweka kwenye maoni ya hadharani, chini ya gemu. Maoni hayafutwi ukirudisha. Yanabaki, na pembeni panaandikwa kwamba mwandishi alirudishiwa. Ni haki. Msomaji ajue nimesimama wapi.

Alhamisi, 26 Juni

Ombi limekubaliwa jana. Leo usiku mauzo ya kiangazi ya Steam yameanza na Rashidi kanitumia picha ya gemu la kivuko: punguzo la asilimia kumi, wiki mbili tu baada ya kutoka. Hiyo ni dalili ya watu walioona takwimu zao. Anasema duka halikatazi kurudisha kisha kununua tena kwa punguzo, na ni kweli, wameandika wenyewe kwamba hawahesabu hilo kuwa ujanja.

Nimemjibu kwamba asilimia kumi haimrudishi bibi sauti. Nimeliweka kwenye orodha ya ninayoyataka. Huko litakaa.

Alhamisi, 3 Julai

Hela imeingia kwenye kadi. Dola 49.99, kamili. Benki iliponiuzia dola ilitumia kiwango chake cha kuuza, na iliponirudishia imetumia cha kununua, kwa hiyo kwa shilingi imepungua elfu chache. Bando la GB 72 halikurudi na halitarudi, nimeliandika kwenye gharama.

Gemu la kivuko limepata sasisho la pili, GB 9. Wanasema limegusa mazungumzo. Nitasubiri mpaka watu waliobaki nalo waseme bibi anasikika, na wakisema hivyo nitalinunua kwa bei yoyote itakayokuwepo siku hiyo. Gemu la tatu la watu hawa, likija, sitalinunua wiki ya kwanza.